Unga wa kunenepesha nguruwe: kipi kinalisaidia tumbo, kipi kinakula pesa ya mfugaji

Ujumbe wa simu unaotufikia kutoka Kihagara, Lituhi, Liuli na vijiji vingine vya mwambao wa Ziwa Nyasa umekuwa na swali moja kwa maneno tofauti. Mmoja anauliza kuhusu unga wa kunenepesha. Mwingine anataka dawa ya kuchanganya kwenye pumba ili watoto wa nguruwe wasiharishe. Wa tatu anauliza kama ni kweli kidonge cha binadamu humfanya nguruwe afikishe uzito mapema. Tumeona tujibu hapa kwa maandishi, kwa sababu dakika kumi za redioni hazitoshi, na kwa sababu maandishi unaweza kuyahifadhi kwenye simu ukaenda nayo dukani.

Jibu fupi ni hili. Viongezeo vya chakula cha nguruwe vipo vya kweli na baadhi vinafanya kazi vizuri. Lakini kiongezeo, kama jina lake lilivyo, huongeza juu ya kitu kilichopo. Kama chini yake hakuna chakula, hakuna maji na banda limejaa kinyesi, hakina cha kuongezea. Na kuna kundi moja, la antibayotiki zinazotiwa kwenye chakula, ambalo linaweza kumnufaisha nguruwe kwa muda na kuiumiza familia yako kwa miaka.

Kwa nini swali hili limekuja sasa

Sehemu kubwa ya nguruwe wa Tanzania wako Nyanda za Juu Kusini, na Mbinga ni miongoni mwa maeneo yaliyozoea mnyama huyu kwa muda mrefu. Kihagara, ambayo leo iko Wilaya ya Nyasa baada ya wilaya hiyo kukatwa kutoka Mbinga, imo ndani ya picha hiyo. Huku kwetu nguruwe si mnyama wa fahari kama ng'ombe. Ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Anazaa wengi kwa mara moja, anakua haraka, na anakula vile ambavyo binadamu amebakiza.

Kilichobadilika ni njia ya kufuga. Zamani nguruwe alizurura, akajitafutia mizizi, wadudu na mabaki. Sasa serikali za vijiji na maofisa mifugo wanahimiza nguruwe wafungiwe, na wana sababu nzuri: nguruwe anayezurura hula mazao ya jirani, hupata tegu kwa kula kinyesi cha binadamu, na hubeba homa ya nguruwe ya Afrika kutoka banda moja hadi jingine. Lakini nguruwe aliyefungiwa hawezi kujichagulia. Madini aliyoyapata kwa kufukua udongo, sasa hayapati. Protini aliyoipata kwenye minyoo ya ardhini na majani machanga, sasa inategemea mkono wako.

Hapo ndipo biashara ya unga na pakiti ilipoingia. Barabara ya lami kati ya Mbinga na Mbamba Bay imerahisisha safari za bidhaa, na maduka ya pembejeo yanaweza kuleta vitu ambavyo baba zetu hawakuviona. Hilo ni jambo jema. Shida ni kwamba pakiti ya vitamini, pakiti ya antibayotiki na pakiti ya unga usiojulikana hukaa kwenye rafu moja, zote zikiwa na picha ya nguruwe mnene.

Tumbo la nguruwe linavyofanya kazi

Nguruwe ana tumbo moja, kama sisi. Hana matumbo manne ya ng'ombe ya kuchachusha majani makavu. Chakula kinaingia tumboni, kinakutana na tindikali inayoua vijidudu vingi na kuanza kuvunja protini, kisha kinashuka kwenye utumbo mwembamba. Ndani ya utumbo huo kuna vinyuzi vidogo sana vilivyosimama kama nyuzi za taulo. Hivyo ndivyo vinavyonyonya chakula kwenda kwenye damu. Vikiwa virefu na vizima, kilo moja ya pumba inakuwa nyama. Vikiwa vifupi na vimeungua, kilo hiyohiyo inatoka kama kuhara.

Wakati mbaya kuliko wote ni siku chache baada ya kuachishwa kunyonya. Mtoto wa nguruwe alikuwa anapata maziwa yenye kinga ya mama. Ghafla anapewa pumba kavu, anatengwa na mama, anachanganywa na wageni. Tindikali ya tumbo lake bado haijatosha. Siku mbili tatu hali chochote, kisha njaa inamzidi anakula kupita kiasi. Vile vinyuzi vya utumbo vinafupika, chakula kisichosagwa kinashuka chini, na vijidudu vya kuhara vinapata karamu.

Ukielewa picha hiyo, utaelewa karibu kila kiongezeo kinachouzwa duniani kwa ajili ya tumbo la nguruwe. Vyote vinajaribu kufanya jambo moja kati ya haya: kuongeza tindikali, kusaidia kusaga, kulisha vijidudu vizuri, kufunga sumu, au kuua vijidudu vibaya.

Ndani ya pakiti kuna nini

Kundi la kwanza ni la vitamini na madini, linaloitwa premiksi. Hili lina maana kubwa kwa nguruwe aliyefungiwa. Pamoja nalo kuna chumvi ya kawaida, chokaa ya mifugo na unga wa mifupa. Kwa kilo 100 za chakula, chumvi inatosha nusu kilo au pungufu kidogo. Ukitumia dagaa wenye chumvi, punguza zaidi, kwa sababu nguruwe aliyekula chumvi nyingi akakosa maji huzunguka kama kipofu, hutetemeka na anaweza kufa.

Kundi la pili ni vimeng'enya. Kinachojulikana zaidi ni faitezi. Karibu theluthi mbili ya fosforasi iliyomo kwenye mahindi na pumba imefungwa kwa namna ambayo tumbo la nguruwe haliwezi kuifungua. Faitezi huifungua. Viwanda vikubwa vya chakula cha mifugo hukitumia sana. Kwa mfugaji mwenye nguruwe wawili, unga wa mifupa uliochomwa vizuri unafanya sehemu kubwa ya kazi hiyohiyo.

Kundi la tatu ni tindikali na vijidudu vizuri, yaani vile vinavyochachusha maziwa na togwa. Hivi husaidia hasa wiki za kuachisha. Tutarudi hapa, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo mama wa Kihagara ana utaalamu tayari bila kununua pakiti.

Kundi la nne ni vifunga sumukuvu, mara nyingi udongo maalumu wa bentonaiti au maganda ya hamira. Sumukuvu hutokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi, karanga na mashudu yasiyokaushwa vizuri. Tunakumbuka mwaka 2016, watu walipofariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka zenye sumu hiyo. Nguruwe naye haponi. Aina moja huharibu ini, nyingine humfanya atapike na kususia chakula, nyingine hufanya nguruwe jike avimbe sehemu za uzazi kana kwamba yuko kwenye joto, hata kama ni mdogo. Udongo wa kufunga sumu husaidia kwa baadhi ya aina, si zote. Mahindi yaliyooza hayageuki mazima kwa kuongezewa udongo.

Kundi la tano ni zinki na shaba kwa wingi. Zinki oksidi iliwahi kuwa mkombozi wa wafugaji wa Ulaya kwa kuzuia kuhara baada ya kuachisha. Lakini madini hayo hutoka kwenye kinyesi, yakajilimbikiza mashambani, na yakasaidia vijidudu kuwa sugu. Umoja wa Ulaya ulisimamisha matumizi hayo ya kiwango cha dawa mwezi Juni 2022. Kwetu sisi ambao samadi ya nguruwe inakwenda moja kwa moja kwenye bustani na mashamba ya mahindi, hilo ni la kutafakari.

Kundi la sita ni antibayotiki. Hili linahitaji nafasi yake.

Dawa iliyogeuzwa chakula

Mwishoni mwa miaka ya 1940 huko Marekani, watafiti wa kampuni ya dawa ya Lederle, Thomas Jukes na Robert Stokstad, waliwalisha kuku mabaki ya utengenezaji wa antibayotiki. Kuku wakakua haraka kuliko walivyotegemea. Kilichokuwa taka ya kiwanda kikawa bidhaa. Kwa miongo kadhaa wafugaji wa nchi tajiri walichanganya antibayotiki kidogokidogo kwenye chakula cha kuku na nguruwe, wazima na wagonjwa pamoja.

Mwaka 1976 daktari mmoja wa Marekani, Stuart Levy, alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya kwenye familia ya wafugaji. Kuku wa familia hiyo walilishwa chakula chenye oksitetrasaiklini, dawa ileile ambayo wengi wenu mnaiita OTC. Katika muda wa wiki moja au mbili, karibu vijidudu vyote vya matumboni mwa kuku vilikuwa havisikii dawa hiyo. Baada ya miezi mitano hadi sita, vijidudu sugu viliongezeka hata kwenye matumbo ya watu wa nyumba hiyo, ambao hawakuwa wamemeza dawa. Majirani zao hawakuwa na hali hiyo.

Tunaomba usome tena sentensi hizo mbili za mwisho, kwa sababu hapo ndipo hatari ilipo kwa kaya ya Kihagara. Banda la nguruwe liko nyuma ya jiko. Mama anayelisha ndiye anayepika. Mtoto anacheza palepale. Kijidudu kilichojifunza kuishinda dawa ndani ya nguruwe hakihitaji nauli kufika kwa mtoto. Na siku mtoto anapoharisha damu au kidonda kinapooza, dawa ya zahanati inaweza kukuta adui aliyekwisha kufundishwa.

Sweden ilikuwa ya kwanza kupiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo, mwaka 1986. Denmark, nchi inayouza nje nyama ya nguruwe kwa wingi, iliacha hatua kwa hatua hadi kufikia mwaka 2000. Umoja wa Ulaya wote ulifuata Januari 1, 2006. China, yenye nguruwe wengi kuliko nchi yoyote, ilisimamisha mwaka 2020. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2017 likiwataka wafugaji waache kuwapa wanyama wazima antibayotiki ili wakue au kama kinga ya kawaida.

Je, wafugaji wa Sweden na Denmark walifilisika? Hapana, lakini haikuwa rahisi. Mwanzoni watoto wa nguruwe waliharisha zaidi baada ya kuachishwa, na dawa za kutibu zikatumika zaidi. Walichofanya ni kubadilisha ufugaji: wakachelewesha kuachisha, wakapunguza msongamano, wakasafisha mabanda, wakarekebisha chakula. Funzo lake kwetu ni kubwa. Antibayotiki kwenye chakula ilikuwa inaficha makosa ya ufugaji. Ilipoondolewa, makosa yakaonekana, yakarekebishwa.

Karibu zaidi na sisi, mwaka 2023 Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda iliieleza kamati ya Bunge la nchi hiyo kwamba baadhi ya wafugaji walikuwa wakiwapa nguruwe na kuku dawa za ARV, wengine wakiamini zinazuia homa ya nguruwe ya Afrika na kunenepesha. Hili linajibu lile swali la kidonge cha binadamu. ARV haitibu homa ya nguruwe ya Afrika. Hakuna dawa ya ugonjwa huo, na hapa nchini hakuna chanjo yake inayotumika. Anayechukua kidonge cha mgonjwa wa VVU akampa nguruwe anamnyima mtu uhai na hampi nguruwe chochote, na mabaki ya dawa yanaweza kubaki kwenye nyama itakayoliwa.

Hatusemi antibayotiki ni haramu bandani. Nguruwe mwenye homa ya mapafu anahitaji kutibiwa, kwa dozi kamili, kwa maelekezo ya mtaalamu wa mifugo, na asichinjwe kabla ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko kuisha. Tunachokipinga ni kijiko cha kila siku kwenye pumba za nguruwe asiye mgonjwa.

Hesabu ambayo muuzaji hakufanyii

Tuchukue mfano. Una nguruwe wanne wanaokua, kila mmoja anakula kilo 2 za chakula kwa siku. Kwa siku 30 ni kilo 240. Tuseme kibandiko cha premiksi kinasema uweke gramu 250 kwa kila kilo 100. Kwa mwezi unahitaji gramu 600. Wewe umenunua pakiti moja ya gramu 100, kwa sababu ndiyo uliyoimudu, ukainyunyizia kidogokidogo mwezi mzima. Umewapa sehemu moja ya sita ya kinachotakiwa. Nguruwe hawatabadilika, na utasema premiksi ni utapeli. Pakiti haikuwa na kosa, kipimo ndicho kilichokosewa.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa antibayotiki. Sehemu moja ya sita ya dozi haiponyi. Inaua vijidudu dhaifu na kuviacha vyenye nguvu vizaliane. Vitamini pungufu ni hasara ya pesa tu, lakini antibayotiki pungufu ni darasa la vijidudu.

Kuchanganya nako ni kazi. Gramu 600 ukizimwaga juu ya magunia ya pumba, nguruwe mmoja atakula zote na wengine watakula pumba. Changanya kwanza na kilo 2 za pumba hadi rangi iwe moja, kisha na kilo 10, kisha ndiyo uingize kwenye rundo lote, ukiligeuza kwa koleo kama saruji.

Na kabla ya kumwamini mtu yeyote, likiwemo tangazo la redioni, jipimie mwenyewe. Gawa watoto wa nguruwe wa uzao mmoja makundi mawili yanayolingana. Kundi moja lipe kiongezeo, jingine usilipe. Chakula kingine, maji na banda viwe sawa. Baada ya wiki nne pima. Kama huna mizani, tumia futi kamba: pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, vyote kwa mita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, kisha kwa 69.3. Nguruwe mwenye kifua cha mita 0.90 na urefu wa mita 0.85 atakuwa na kilo 48 hivi. Ni makadirio, lakini kwa kulinganisha makundi mawili yanatosha. Kama kilo zilizoongezeka hazilipi bei ya pakiti, umepata jibu lako.

Vilivyopo Kihagara tayari

Huku mwambaoni chakula kikuu ni muhogo, na mpunga upo. Kutoka milima ya Umatengo zinashuka pumba za mahindi. Ziwa linatupa dagaa. Mahitaji ya nguruwe yanaweza kupatikana kwa sehemu kubwa hapa, ila kila kimoja kina masharti yake.

Muhogo unatoa nguvu, lakini protini yake ni kidogo sana, na muhogo mchungu una sumu. Menya, katakata, kausha juani au loweka na kumwaga maji. Nguruwe anayekula muhogo na pumba pekee hatanenepa hata ukimnunulia premiksi ya dunia nzima, kwa sababu amekosa protini ya kujengea nyama. Mtoto aliyeachishwa anahitaji chakula chenye protini asilimia 18 hadi 20, anayekua 16, anayekaribia kuuzwa 14 hivi. Protini hiyo itoke kwenye dagaa, mashudu ya alizeti na soya.

Soya inalimwa hapahapa Ruvuma. Lakini soya mbichi ina kitu kinachozuia protini isisagwe tumboni. Ikaange au ichemshe kwanza. Moto huo wa jikoni unafanya kazi kuliko pakiti nyingi.

Kisha kuna uchachushaji. Miaka ya 1990 watafiti walichunguza hapa Tanzania watoto wadogo waliokuwa wakipewa uji uliochachushwa kwa mtindo wa togwa. Walikuta vijidudu vya kuhara vimepungua kwenye choo chao kulinganisha na watoto wasiopewa. Sababu ni ileile: vijidudu vizuri hutengeneza tindikali, na vijidudu vya kuhara haviipendi. Wafugaji wa Denmark hulitumia wazo hilo kwa nguruwe, wakiwalisha chakula cha majimaji kilichochachushwa. Wewe unaweza kuloweka pumba kwenye ndoo safi yenye kifuniko, ukaacha siku moja hadi tatu mpaka zinukie uchachu wa togwa, ukabakiza kidogo kama mbegu ya ndoo inayofuata. Zikinuka uozo au zikiota ukungu, mwaga. Machicha ya pombe nayo yanafaa kwa kiasi, kwa nguruwe wakubwa, si kwa watoto.

Maji ndiyo ya kwanza kusahaulika. Nguruwe anayenyonyesha anaweza kunywa lita 20 kwa siku au zaidi. Tunajua nani anayebeba maji hayo kutoka ziwani au kisimani. Ndiyo maana tunasema kabla ya kununua unga, nunua ndoo ya pili au tengeneza mfereji wa kukinga mvua ya bati.

Minyoo nayo ni mlaji mwenzake. Mayai ya minyoo mikubwa ya nguruwe hudumu ardhini kwa miaka. Ukinunua kiongezeo bila kutoa minyoo, umelisha minyoo. Mpe jike dawa wiki mbili hivi kabla ya kuzaa, na watoto wakishaachishwa, kwa ushauri wa ofisa mifugo wako. Na kwa tegu, dawa pekee haitoshi: choo cha kaya kikitumika na mlango ukifungwa, tegu inakosa njia.

Watoto waliozaliwa kwenye sakafu ya saruji au mbao wanahitaji madini ya chuma siku tatu hivi baada ya kuzaliwa, kwa sindano, kwa sababu maziwa ya mama yana chuma kidogo sana. Hiki ni kiongezeo kimoja ambacho hatuna ubishi nacho.

Nani awajibike

Tungeweza kuishia kwa kumwambia mfugaji awe mwangalifu. Lakini si haki kumtwisha mfugaji mzigo wote. Tanzania ina Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010. Ina mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, wa kwanza wa 2017 hadi 2022, na wa pili wa 2023 hadi 2028. Ina Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Wakala ya Maabara ya Veterinari, na Taasisi ya Utafiti wa Mifugo yenye kituo Uyole. Kwenye karatasi tumejipanga.

Umbali kati ya karatasi hizo na rafu ya duka la kijijini ndio tatizo. Mfugaji aliyepo mbali na ofisa mifugo atamuuliza muuzaji, na muuzaji anauza alichonacho. Kibandiko kilichoandikwa kwa lugha asiyoisoma mnunuzi ni pambo. Tunaona mambo matatu yanawezekana bila kusubiri bajeti kubwa. Kwanza, maelezo ya Kiswahili, yenye dozi na siku za kusubiri, yawe sharti la kuuza. Pili, antibayotiki zisikae rafu moja na vitamini. Tatu, mikutano ya kijiji inayojadili kufungia nguruwe ijadili pia watakula nini wakishafungiwa, maana amri ya kufungia bila mpango wa chakula ndiyo inayowafungulia mlango wauza unga.

Kwa upande wako, msikilizaji, ukisimama dukani na pakiti mkononi, uliza maswali manne. Ndani kuna nini, kwa jina? Kipimo chake ni gramu ngapi kwa kilo 100, na je, naweza kununua kinachotosha? Je, ni antibayotiki, na kama ndiyo, nguruwe wangu yupi ni mgonjwa? Siku za kusubiri kabla ya kuchinja ni ngapi? Muuzaji akishindwa kujibu la kwanza, rudisha pakiti kwenye rafu, na pesa hiyo ukanunulie dagaa na soya ya kukaanga.